Mluzi wa Tangazo la Sabuni

Mtaa mzima ulimwita Kinanda. Jina lilikuwa limemkaa mwilini kiasi kwamba hata fundi bomba, mtu asiyemjua kabisa, alipokuja kuziba bomba lililokuwa likivuja alipanda ngazi akiita, "Kinanda! Kinanda yupo?" Naye akafungua mlango bila kushangaa.

Alikaa vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Chumba cha ndani alilala. Cha nje ndicho kilikuwa kazini kwake: meza ndefu, kompyuta, kinanda chenyewe, gitaa ukutani, maikrofoni moja iliyovishwa soksi nyeusi, na magodoro ya zamani aliyoyapigilia misumari ukutani ili kelele za cherehani zisipande. Zilipanda vilevile. Cherehani moja kule chini ilikuwa na kikohozi, na ukilisikiliza vizuri tangazo fulani la maziwa lililotoka katika chumba kile, pale katikati, nyuma ya ngoma, utaisikia ikikohoa.

Maana ndiyo ilikuwa kazi yake, nyimbo za matangazo ya televisheni. Za nusu dakika, basi. Ya maziwa, ya rangi ya nyumba, ya dawa ya mbu. Watu walizijua zote na hakuna aliyejua zinatoka wapi. Mtoto wa jirani aliuimba wimbo wa dawa ya mbu kwenye ngazi, tangu mwanzo hadi mwisho, na Kinanda alipopita na mkate kwapani, mtoto akamwambia, "Pisha, babu, nacheza." Akapisha.

Mezani kwake palikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia. Cha pili kilijaa nyaya. Mahali pengine pa kuziweka palikuwepo, ila kiti chenye vitu juu yake hakionekani kama kinamngoja mtu.

Sasa kuna jambo la kazi ile ambalo lazima lijulikane. Wimbo haurekodiwi wote kwa mkupuo. Gitaa hurekodiwa peke yake, ngoma peke yake, sauti peke yake, kila kitu na njia yake ndani ya kompyuta, na njia hizo unazifungua na kuzifunga utakavyo, kama mabomba ya maji. Tena kuna njia ya kushikia mahali. Unataka filimbi iingie hapa, na mpiga filimbi bado hujampata, basi unaweka chochote, hata kuguna, ili usipotee. Ukimpata mwenye filimbi, unaifunga ile njia na hakuna atakayejua ilikuwepo.

Kwa Kinanda, cha kushikia mahali kilikuwa mluzi, na mluzi wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa mke wake.

Waliachana zamani. Enzi za ndoa yao mke alikuwa na mwanya katika meno ya mbele, na mluzi uliopita kwenye mwanya ule ulikuwa na upepo kidogo pembeni, kama wa mtu anayepiga huku amebana kicheko. Kinanda alimwita kutoka jikoni, "Mwenzangu, hebu njoo unipigie pale." Mke alikuja akijifuta mikono kwenye gauni, akasimama mbele ya soksi nyeusi, akapiga, akarudi kwenye sufuria zake. Kabla wimbo haujaenda kwa wenyewe, njia ile ilifungwa. Ilikuwa kanuni ya nyumba yao, kwamba mluzi hautoki nje.

Alipoondoka alichukua nguo zake, sufuria kubwa na redio. Mluzi hakuuchukua. Ulibaki katika wimbo mmoja ambao haukuwahi kuuzwa, na mwisho kabisa, noti ya mwisho ikishakatika, alisikika akisema mbali kidogo na maikrofoni, "Haya, nimemaliza. Tule sasa?"

Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, Kinanda aliufungua wimbo huo, kama mwingine anavyofungua dirisha. Hakuwa akiusikiliza, ulikuwa ukilia tu huku yeye akichemsha chai. Na kosa lilitokea hapo. Sikio likizoea kitu sana, linaacha kukuambia kwamba kipo. Siku wakala wa matangazo alipotaka wimbo wa sabuni ya kufulia, tena upesi, Kinanda aliuchukua wimbo ule, akauvisha gitaa jipya na ngoma, akakata mwisho wake ili utoshe nusu dakika, akausikiliza mpaka akatosheka, akautuma. Na njia ya mluzi ilikuwa wazi muda wote. Aliusikia kama anavyosikia pumzi zake, yaani hakuusikia.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa ni dada wa mikataba kutoka kwa wakala, msichana mwenye sauti ya haraka, kama mtu anayeongea huku lifti inamfungia mlango.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Mzee, mteja amelia."

"Amelia? Kuna nini?"

"Amelia kwa furaha, jamani! Mkurugenzi wa sabuni mzima, na tai shingoni, anajifuta macho. Ule mluzi, mzee! Eti unamkumbusha mama yake. Kila mtu hapa ofisini anaupiga."

"Mluzi gani?" Kinanda akauliza.

Dada akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Wasanii nyie! Eti mluzi gani. Njoo tuongee mkataba."

Kinanda akaweka simu chini, akafungua kompyuta, akazifunga njia zote akaiacha moja. Akausikia. Akabaki ameshika meza kama mtu aliyezunguka mjini asubuhi yote, akasalimiana na watu, ndipo akagundua ameacha mlango wa nyumba wazi.

Ofisi ya wakala ilikuwa na kuta za kioo na baridi ya mashine. Makochi yake yalikuwa ya chini, ya watu wenye magoti mapya. Ukishakaa, kuinuka ni kazi nyingine. Pembeni palisimama mtungi wa maji uliopinduliwa, na kila baada ya muda ulitoa povu moja kubwa kutoka tumboni, *bwolo*, kisha ukanyamaza.

Dada wa mikataba akamwonyesha picha kwenye ukuta. Mama yuko kwenye roshani anaanika shuka jeupe. Gitaa linaanza, upepo unalijaza shuka. Kisha mluzi unaingia, na mama anageuza kichwa taratibu, kama ameitwa na mtu anayempenda.

"Umeona pale anapogeuka? Picha imekatwa kuufuata mluzi kabisa. Hautoki tena."

"Pale nilitaka filimbi," Kinanda alisema. "Huo ulikuwa wa kushikia mahali tu. Nipeni siku chache niwaletee filimbi nzuri."

"Tumejaribu filimbi, mzee. Mteja akasema mama anageuka kama amesikia gari la wagonjwa."

Akasukuma karatasi mezani. Akaanza kusoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma jambo lile lile kwa watu tofauti. Haki zote. Vyombo vyote. Dunia nzima. Milele.

"Yaani, mzee, unatuachia wimbo na rekodi yake, vinakuwa mali ya kampuni ya sabuni. Wewe hutautumia tena, hutampa mtu mwingine. Na mafaili yako ya kazi unayakabidhi, hubaki na kitu."

"Hata cha kusikiliza nyumbani?"

"Nyumbani nani atakukamata?" Akacheka. "Lakini kwa karatasi, hapana. Halafu kila anayesikika humu lazima asaini. Gitaa nani?"

"Mimi."

"Ngoma?"

"Kompyuta."

"Hiyo haina mkono. Mluzi?"

Kinanda akanyamaza.

Zamani, mke alipokuwa akimsindikiza kwenye ofisi kama hizi, alikuwa na utaratibu wake. Alimwambia mumewe mlangoni, "Wakikutajia bei, funga mdomo uangalie feni. Wao watasema tena." Na kweli walisema tena, kila mara. Leo Kinanda hakuwa na utaratibu wowote. Alinyamaza kwa sababu hakujua amtaje vipi mwenye mluzi. Kwa vile feni haikuwepo, aliangalia mtungi wa maji.

"Naelewa, mzee," dada akasema baada ya muda. "Malipo ni madogo. Niliwaambia mimi."

Mtungi ukafanya *bwolo*.

"Sawa. Nitawaambia waongeze. Lakini usininyonge, mzee wangu, na mimi nina bosi."

Kinanda bado aliuangalia mtungi.

"Waongeze sana? Haya, nitajaribu. Ila kama mluzi ni wewe mwenyewe, weka sahihi hapa leo tumalize. Nani atauliza?"

Alimsogezea kalamu. Kinanda aliishika. Ilikuwa kalamu nzito, ya kupendeza, na mahali pa kusaini palikuwa peupe. Kweli, hakuna ambaye angeuliza. Mke asingejua, au angejua akaona aibu kupiga simu. Akairudisha kalamu mezani.

"Nitarudi," alisema, na ilimchukua majaribio mawili kuinuka kwenye lile kochi.

Fundi cherehani alimwona akirudi. Yeye alihamia pale miaka mingi baada ya mke kuondoka, na hakumjua Kinanda ila kwa mkate na ngazi.

"Kinanda! Leo shati limepigwa pasi. Unaoa na hutuambii?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazini kwako ni kitandani na kurudi. Basi sema umekataliwa, tukufariji."

Kinanda akatabasamu kidogo, akapanda. Namba ya mke alikuwa nayo, na hakuwahi kuipiga. Kilichomsumbua kuliko yote ni jinsi ya kumwita. Mwenzangu haikuwa kweli tena. Jina lake halisi hakulitumia hata siku za uchumba. Akapiga hivyo hivyo, bila neno mkononi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Kinanda."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Nina jambo la kazi. La kwako."

"La kwangu mimi? Haya. Njoo mchana, mume wangu atakuwepo. Usije unanyemelea ukutani kama mwizi, geti liko wazi."

Nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa mji, ndogo, ya geti la bluu, na makopo ya maua yamepangwa kwenye kibaraza. Mume mpya alikuwa mtu mpana, mpole, aliyestaafu udereva. Alimkaribisha Kinanda kwa mikono miwili, akamwekea chai mwenyewe, akauliza safari, akauliza afya. Halafu akasema maua yana kiu, akatoka na ndoo. Maua yalikuwa yameloa tayari. Kinanda aliona maji yakichuruzika chini ya makopo, akamshukuru moyoni.

Mke akaja akakaa. Alikuwa amenenepa uzuri. Alipotabasamu Kinanda akaona meno yamejipanga sawasawa, meupe, hayana mwanya.

"Unaangalia nini? Ndiyo, ya dukani. Ya kwangu yalianza kucheza, nikayang'oa yasinitie aibu."

"Na mluzi?"

"Mluzi gani?"

Ikambidi acheke, maana ndivyo alivyojibu yeye kwenye simu. Mke akabana midomo, akapuliza. Ukatoka upepo mtupu, *fff*, kama tairi. Akajaribu tena, macho yamemtoka. *Fff*. Wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka kweli, mpaka mume kule nje akachungulia dirishani na ndoo yake akatabasamu bila kujua anatabasamia nini. Kisha kicheko kikaisha, na hakuna aliyekuwa na cha kuweka mahali pake.

Kinanda akatoa simu, akaichezesha video ya tangazo aliyotumiwa na wakala. Mke akaitazama bila kupepesa.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo."

"Si ulikuwa unafunga?"

"Nilisahau."

"Wewe? Usahau sauti?" Alimtazama kwa jicho lile la zamani la sokoni, la mtu anayepima nyanya. "Wewe ulikuwa unasikia bomba la jirani likidondosha tone. Sema ukweli."

Basi akasema. Kwamba njia ilikuwa wazi kwa sababu yeye huwa haifungi. Kwamba anaifungua asubuhi, kila siku, chai ikichemka. Kwamba ameizoea mpaka hakujua imo.

Mke akaokota uzi kwenye mkono wa kiti, akauzungusha kidoleni.

"Kwa hiyo mimi niko hapa nakata vitunguu vyangu," alisema, "kumbe kule kwako bado naamka alfajiri kwenda kazini."

"Sikukusudia ubaya."

"Najua hukukusudia. Wewe hujawahi kukusudia kitu." Hakusema kwa hasira. "Unajua kilichoniondoa? Watu walidhani mwanamke mwingine. Ningekuwa na wa kugombana naye basi! Ni kidole. Nakuja na neno langu, wewe hedifoni masikioni, unaniinulia kidole. Subiri. Na mimi nasubiri. Neno linapoa, narudi nalo jikoni. Katika nyumba ile ulikuwa unanisikia nikipiga mluzi tu. Leo nimeondoka, na bado unasikiliza huo huo mluzi."

Mkono wa kulia wa Kinanda ulikuwa chini ya paja lake. Hakujua aliukalia saa ngapi. Aliuacha huko huko.

"Mwishoni kuna maneno," alisema. "Kwenye tangazo nimeyakata. Unasema, haya, nimemaliza, tule sasa."

"Nilisema hivyo?"

"Umesema."

"Na tulikula?"

Kinanda akajaribu kukumbuka. Alikumbuka noti zote za wimbo ule, alikumbuka maikrofoni ilivyokaa, alikumbuka hata mvua iliyomfanya arudie mara mbili. Chakula hakukikumbuka.

"Sijui," alisema.

"Mimi najua. Nilikula peke yangu, nikakufunikia chako."

Nje, mume alihamisha kopo moja kutoka huku kwenda kule, akalirudisha.

"Haya, tuongee biashara," mke akasema, akijifuta mikono kwenye gauni ingawa haikuwa na maji. "Wanataka nini?"

"Milele. Haki zote."

"Milele ni nini? Nizeeke nikijisikia ndani ya sabuni? Wageni wamekaa sebuleni, mume wangu amekaa, mimi napiga mluzi wa nyumba nyingine? Waambie hao waliokutuma, mwaka mmoja. Ukiisha wautoe. Nitasaini mwenyewe, na changu wanipe mkononi, kisipitie kwako. Wewe utakisahau mfukoni ufue suruali. Na jambo la pili."

"Sema."

"Ule wa asubuhi, ufute. Sisemi uufunge, unanielewa? Ufute kabisa."

Kinanda aliweka kikombe chini. "Hakuna mwingine," alisema. "Ni huo mmoja tu. Nyimbo nyingine niliziondoa zilipouzwa. Na sasa na haya meno..."

"Najua."

"Ukifutwa ndiyo basi."

"Najua, Kinanda." Alimwita kwa jina la mtaani, kama wanavyomwita wote. "Nataka niwe sehemu moja tu. Niwe hapa."

Alikuwa na njia ya kukwepa, na aliiona yote akiwa njiani kurudi. Angemwambia dada wa mikataba kwamba mwenye mluzi amekataa, biashara ife, na asubuhi angefungua wimbo wake kama kawaida. Au angesema ameufuta na asiufute. Nani angepanda ngazi kukagua? Lakini alikuwa amemsikiliza mtu mpaka mwisho, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, na yale maneno hayakuwa na njia ya kuyafungia.

Dada wa mikataba hakufurahi.

"Mwaka mmoja? Mzee, mteja anataka milele, wewe unamletea mwaka mmoja!"

"Wimbo siuzi. Nawakodishia. Televisheni na redio, hapa nchini, mwaka mmoja. Baada ya hapo mnautoa hewani."

"Miaka mitano."

Kinanda aliangalia mtungi wa maji.

"Mitatu, mzee. Mitatu ni heshima."

*Bwolo*.

"Miwili! Mzee, usiangalie huo mtungi, niangalie mimi."

Akamwangalia. Alikuwa msichana mzuri aliyechoka, amevaa viatu vya kubana na amekivua kimoja chini ya meza. "Mwaka mmoja, mama," alisema kwa upole.

Dada akatoka na simu yake. Kupitia kioo Kinanda alimwona akitembea huku na huko, akitikisa mkono, akiinamisha kichwa. Alirudi akiwa na uso wa mtu aliyebeba chupa iliyopasuka.

"Wamekubali kwa sababu picha imeshakatwa, hawana jinsi. Ila kwa mwaka mmoja malipo yanashuka. Yanashuka sana."

"Yashuke."

"Huogopi? Watu huja hapa kugombania yapande."

"Yashuke tu, mwanangu."

Akasaini. Sahihi ya mke ililetwa baadaye, bila wao kukutana. Dada alimpigia Kinanda kumwambia.

"Yule mama amekuja. Mkali huyo! Amesoma kila mstari, amenirudisha kurekebisha neno moja. Halafu ameniuliza kitu sikukielewa."

"Ameuliza nini?"

"Eti, ameshaufuta?"

Asubuhi iliyofuata Kinanda aliweka chai jikoni, akavaa hedifoni, akaufungua wimbo. Safari hii alikaa. Aliusikiliza kama mara ya kwanza, na kweli aliusikia: upepo wa pembeni, ile noti ya katikati iliyokaribia kupotea ikajikuta, mvua nyuma kabisa. Wimbo ukafika mwisho. "Haya, nimemaliza. Tule sasa?"

Baada ya hapo palikuwa na kipande ambacho hakuwahi kukisikiliza, kwa sababu kila siku aliinuka hapo kwenda kwenye chai. Alisikia hatua zake zikiondoka kwenye maikrofoni. Zikasimama. Zikakaa zimesimama, kama mtu anayengoja mlangoni. Halafu zikaenda.

Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, kisha akaifuta na ile video ya simuni. Chai ilikuwa imefurika na kuzima jiko. Alifuta jiko, akakaanga mayai, akala kwenye kona ya meza, na chini yake ile cherehani ikaanza kukohoa.

Tangazo likatoka, na mji mzima ukapatwa na mluzi. Madereva waliupiga. Wanafunzi waliupiga wakitoka shule, nesi aliupiga akitafuta mshipa. Mtoto wa kwenye ngazi aliupiga vibaya, anakosea pale katikati kila mara, na Kinanda alipita na mkate akiumia kama mwenye jino bovu. Hakuwa na televisheni. Kwa hiyo ule mluzi uliokaa nyumbani kwake miaka yote sasa alikuwa akiudokoa madirishani mwa watu. Anasimama kidogo barabarani, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, mpaka mama wa kwenye roshani ageuke, kisha anaendelea na safari. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Mwaka ukaisha upesi kuliko alivyodhani. Dada wa mikataba akapiga.

"Shikamoo mzee. Sabuni imeuzika, mzee, hawataki kusikia habari ya kuutoa. Wanaomba na ile rekodi yako ndefu, watengeneze tangazo la pili."

"Haipo."

"Haipo vipi?"

"Niliifuta."

"Mzee!" Alisema kama mtu aliyeangusha mtoto. Kisha akatulia. "Basi hii hii tuliyo nayo. Waongezee mwaka. Wamepandisha, utapenda. Useme ndiyo tu."

Kinanda alinyamaza. Dada naye safari hii alinyamaza, alikuwa amejifunza.

"Si wangu peke yangu," Kinanda alisema mwishowe. "Nimuulize."

Alimwandikia ujumbe, akaufuta, akauandika upya mfupi zaidi. Wanataka mwaka mwingine, unasemaje? Aliweka simu mezani, karibu na sahani. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kula. *Tulikubaliana.* Aliigeuza simu juu chini kama vile nyuma kungekuwa na neno lingine.

"Basi, imetosha," alimwambia dada. "Utoeni."

Siku chache baadaye alishuka kwa fundi cherehani, ana suruali iliyofumuka mfukoni. Fundi alikuwa na televisheni ndogo juu ya kabati la vitambaa. Mama yule yule akaja kwenye roshani, shuka lile lile likajaa upepo. Akageuza kichwa taratibu, kama ameitwa na mtu anayempenda, na pale palipokuwa na mluzi palikuwa na filimbi.

"Hebu mwone," fundi akasema. "Sasa huyu anageukia nini? Wameharibu. Afadhali ule mluzi." Akaivuta suruali chini ya sindano. "Wewe mtu wa muziki, Kinanda. Ule alipiga nani, unajua?"

"Namjua."

"Alikuwa na raha huyo mtu. Unasikia kabisa alikuwa na raha."

"Alikuwa na njaa," Kinanda alisema.

Fundi cherehani akacheka sana, akainama, akakata uzi kwa meno.